Papa, Ule Mti wa Avoka Haukuwa Mpaka

Papa yangu,

Salamu za nyumbani mdogo wangu atakupa kwenye simu, maana yeye anajua kuongea na wewe bila kukasirika. Mimi nimeshindwa. Kila ukipiga kutoka Bukavu naongea nawe juu ya mvua na juu ya meli kama zinatembea, halafu nakata, halafu naanza kuosha masahani kwa kelele mpaka jirani anauliza kuna nini. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nimeamua kuandika wazi, barua ambayo hata wanafunzi wangu wataisoma. Kile tulichokifanya mimi na wewe tulikifanya mbele ya watu, na tulipigiwa makofi.

Tuanze na mwezi uliopita. Tangazo la shindano la utafiti wa historia limefika tena shuleni. Unalijua: wanafunzi wa sekondari wanachagua jambo moja la zamani, wanatafuta ushahidi, wanahoji wazee, wanaandika, kisha wanasimama mbele ya majaji kujitetea. Mkuu wetu wa shule, Prefe, aliniita akasema, "Madame, wewe njo ulishindaka. Wape batoto kuraje." Basi nikaingia klasi ya tano nikawapa kuraje, nikawatia moyo. Nilisema vizuri, ungenisikia ungefurahi. Niliwaambia wasiniletee tena mafarao, wala ule mkutano wa Wazungu waliogawana Afrika, mambo wanayonakili kwenye simu pamoja na makosa yake yote. Ulizeni mama zenu, niliwaambia. Ulizeni nani alikaa kwenye parsele yenu, kwenye hicho kiwanja chenu, kabla yenu. Wakatazamana, kwa sababu hapa Goma swali hilo si la kuuliza ovyo, na hata mtoto analijua.

Halafu akanyanyua mkono msichana mmoja anaitwa Esther, anayekaa benchi ya mbele na haogopi mtu. "Madame, ile yako yenye ilishinda iko wapi? Tuisome, tuone vile banaandikaka." Wenzake wakaanza kupiga meza: ndiyo, Madame, tuisome! Na kweli ipo. Iko kwenye kabati la Prefe, ina jalada la bluu, kila mwaka inatolewa kama mfano wa kazi safi. Nilijifanya nimekosa chaki. Nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha shule, mwalimu mzima, nawakimbia wanafunzi wangu.

Wewe unajua ni kwa nini. Wanafunzi wangu hawajui, basi wacha niwaeleze wao huku nikikukumbusha wewe.

Nilikuwa na miaka saba lava ya volkano iliposhuka mjini. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kama wote, na tuliporudi kwetu Majengo hapakuwa na avenyu tena, wala njia wala nyumba. Palikuwa na jiwe moja jeusi, limeanzia huku linaishia kule, bado lina moto ndani, na mvua ikinyesha linatoa mvuke. Kandambili zangu zilianza kuyeyuka ukanibeba mgongoni. Kutoka juu ya mgongo wako niliona kitu ambacho sijakisahau: kila familia imesimama juu ya jiwe, mahali inapofikiri ndipo kwake. Mama mmoja alikuwa na sufuria mkononi, anasema hapa ndipo palikuwa jiko. Baba mwingine anapiga hatua, anahesabu, anakataa, anarudi, anahesabu tena. Hakuna aliyetaka kutoka hata kwenda kukojoa, akiogopa akirudi atakuta mwingine amesimama pale. Na wewe ulikuwa shefu wa avenyu. Wote walikugeukia. "Papa Shefu, utupimie."

Ukaenda ukapata kamba. Kitu pekee kilichobaki kikitokeza juu ya jiwe upande wetu kilikuwa kisiki cha mti wa avoka, kimeungua nusu. Ukasema mti huu ulikuwa kwenye mpaka wetu na jirani wa pili, tuanzie hapa. Ukashuka na kamba yako, parsele saba, moja baada ya nyingine, mpaka barabarani. Yetu, ya kwanza, ilitoka kubwa kidogo. Ya mwisho, ya Mama Feza, yule mjane aliyetoka milima ya Masisi na watoto wanne, ilikutana na barabara wakati kamba bado inataka kuendelea. Kikabaki kipande ambacho hata mbuzi wawili wangekigombania. Ukamwambia, "Mama, lava imekula." Akaitikia kwa kichwa. Nani angeshtaki lava?

Sitaki kudanganya mara ya pili, kwa hiyo naandika na hili: naamini siku ile ulikosea tu. Miti yote ilikuwa mkaa, moshi ulikuwa machoni, watu wanakuvuta shati huku na huku. Kila mtu alikuwa anakosea siku ile. Ningekuwa na baba aliyekosea tu, leo ningekuwa napika chakula changu kwa amani.

Miaka kumi baadaye, nikiwa klasi ya tano, ni wewe uliyeniletea habari za shindano. Ulikuja na daftari kubwa na kalamu mbili, ukasema, "Andika juu ya avenyu yetu. Batu bajue vile tulijenga tena." Ulitaka habari za shefu na kamba yake, naona sasa. Wakati ule nilifikiri ni kwa sababu unanipenda. Labda yote mawili yalikuwa kweli. Tulikaa mlangoni ukanifundisha kuhoji watu: usimkatize mzee, muulize neno moja moja, na andika vile alivyosema hata kama kinakuuma. Hayo maneno ya mwisho yalitoka kinywani mwako, Papa. Mpaka leo nayafundisha kama yangu.

Nikazunguka nyumba zote saba. Kwa Mama Feza nilikaa mchana mzima, yeye anachambua maharagwe, mimi naandika. Nilipomuuliza juu ya mipaka ya zamani hakuinua hata kichwa. "Ile muti ya avoka? Ile haikukuwa mupaka. Ilikuwa katikati ya kwa jirani yenu. Si ni wewe ulikuwa unaenda kuiba kule?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu nilikumbuka fimbo. Nilikuwa na miaka sita, nimepenya ua wetu wa miyenzi, nimerudi na avoka tatu kwenye gauni na utomvu mweupe wa miyenzi kwenye mikono. Ulinishika sikio. "Ule muti si wetu! Ukipita tena kwenye ule ua nitakuvunja miguu." Fimbo nne nilikula kwa ajili ya mti ule, na mwaka uliofuata ukaufanya mpaka wetu.

Nikatafuta foto ya ubatizo wa mdogo wangu, ile aliyoifunga Mama kwenye kitenge siku ya kukimbia. Tumesimama mbele ya ua, wewe una tai, mimi nimefumba macho. Nyuma ya ua, mbali, kuna mti wenyewe, ndani kabisa kwa jirani. Nilihesabu, nikapima, nikachora ramani mbili, ya kabla na ya baada. Kutoka ua wetu mpaka mti ni hatua kumi na mbili. Sisi tumeongezeka hatua kumi na mbili, wale wa katikati wamesogea tu, na Mama Feza amepungua hatua kumi na mbili. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi.

Nilikuletea ukurasa ule kwa furaha. Kwa furaha, Papa! Nilifikiri nimegundua kitu, na kwamba shefu atasema asante mwanangu, tutatengeneza. Ulikuwa uani unanyoa ndevu, kioo umekiegemeza dirishani. Ulisoma ukiwa na povu upande mmoja wa uso. Ulisoma mara mbili. Nikakuangalia nikaona kwamba hushangai.

"Papa, ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Batu bote bameisha kujenga. Unataka nivunje nyumba saba?"

"Na Mama Feza?"

"Mama Feza ameisha kuzoea. Toa ile ukurasa. Historia ni mambo ya zamani, hii iko mambo ya parsele."

Nikakwambia ni wewe uliyesema niandike hata kinachouma. Ukafuta povu taratibu, ukasema kwa sauti ya chini, ile ya kuniita "mwanangu": "Na wewe utalala wapi? Chumba yako iko ndani ya zile hatua."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa na chumba changu peke yangu, na katika avenyu nzima hakuna msichana mwingine aliyekuwa nacho. Niliukata ukurasa kwa wembe wako, polepole, ili daftari lisionekane limechanwa. Mahali pake nikaandika kwamba shefu alipima kwa haki na kwamba parsele ya mwisho ilipungua kwa sababu lava iliila. Na kwa kuwa sheria za shindano zilitaka shahidi kwa kila jambo, chini yake niliandika: "Kama alivyosimulia Mama Feza." Hilo hukuniambia, Papa. Hilo nililitoa kichwani mwangu mwenyewe, na nikaona nimefanya akili.

Siku ya zawadi ulivaa koti. Walisoma jina langu, wakasoma sehemu ya kazi yangu kwenye mikrofoni, nikapewa diksionere, kamusi kubwa, ukaniinua juu kama mtoto mdogo. Mama Feza alikuwa nyuma yetu na kitenge chake kizuri, kwa sababu tulikuwa tumealika mashahidi wote. Nilimuona anapiga makofi. Usiniulize nilijisikiaje, nilijisikia vizuri. Nilikuwa mshindi.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni utoto. Lakini mwaka uliofuata walichimba mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara, ukakata kile kipande cha Mama Feza, na nyumba yake ikaanza kuinama. Akaenda kulalamika ofisi ya kartye, ile ya kata yetu. Akasema parsele yake ilipimwa vibaya tangu mwanzo, apimiwe upya. Na wewe ukaenda na jalada la bluu ndani ya plastiki, ukawasomea wazee waliokaa pale. "Huyu mama mwenyewe alimwambia mutoto wangu. Imeandikwa. Majaji bameikubali, bakatoa na zawadi." Mama Feza hajui kusoma. Wakamuuliza, hili jina si lako? Akasema ni langu. Halafu wakaniita mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na uniform ya shule.

"Mutoto, ni wewe uliandika hii?"

"Ndiyo."

"Na ni yeye alikuambia?"

Nilikuangalia wewe. Ulikuwa unaangalia viatu vyako. Nikasema ndiyo. Mama Feza hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kwa muda, kama mtu anayetaka kuhakikisha amenikariri, halafu akachukua mfuko wake akatoka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia Munigi kupanga. Kile kipande kikanunuliwa na mtu wa duka la simu. Sisi tukaendelea kulala.

Nikamaliza shule, nikasoma historia, eti historia, nikarudi kufundisha. Mama akafariki, wewe ukarudi kwenu Bukavu, mimi nikabaki na nyumba. Kila mwaka kabati lile linafunguliwa, kazi yangu inatolewa, na wanafunzi wanafundishwa kwamba hivi ndivyo shahidi anavyotajwa.

Siku ile ya chaki nilishindwa. Kesho yake nilirudi klasini nikawaeleza yote, kama nilivyoandika hapa, nimesimama, bila kukaa. Esther akaniangalia. "Kumbe, Madame, uliongopa na bakakupa diksionere?" Watu wakacheka, halafu wakaona mimi sicheki. Akauliza tena, na safari hii kwa adabu: "Na ule mama, iko muzima?" Sikujua. Mwalimu wa historia, miaka yote hii, Munigi ni pale tu juu, pikipiki dakika chache, na sikujua kama mtu yule yuko hai au amekufa.

Jumamosi tulipanda Munigi, mimi na Esther. Tuliulizia, tukampata. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, anakaa na binti yake Feza na wajukuu kwenye nyumba ya mbao. Alinitambua kwa sauti kabla ya uso. Nilipiga magoti kwenye yale makokoto, nikasema nilichokuja kusema, na katikati nikaanza kulia kwa namna mbaya, ya makamasi. Aliningoja nimalize.

"Nilijua," akasema. "Siku ya zawadi nilikuwa nangoja basome maneno yangu. Nikasikia yenye basoma. Nikapiga mikono kwa sababu ulikuwa mutoto, na mutoto banamupigiaka mikono." Akafuta lile jicho la ukungu kwa kitenge. "Nikasema, atakomaa, atakuja. Bakaniambia umekuwa mwalimu. Nikasema basi, sasa atakuja. Umekawia, mwanangu."

Nilimwambia vile vyumba viwili vya nyumba yetu vilivyojengwa ndani ya zile hatua kumi na mbili ni vyake, nitatoka. Feza alinikata mara moja, na hasira yake ilikuwa ya haki: hayo ya nyumba yataongelewa kartye, na watu wazima, na karatasi, si kwa machozi yako. Mama Feza yeye aliomba kitu kimoja. "Mutoe jina langu pale. Mimi sikusemaka lava imekula. Nisikufe na ile maneno kinywani mwangu."

Papa, nimeshamwandikia Prefe nikamwomba kazi yangu itolewe kwenye kabati, na waandaaji wa shindano nimewaandikia kwamba zawadi ile si halali. Prefe amekasirika, anasema shule itapata haya. Mzazi mmoja amekuja kuniambia niwape watoto mada zisizoleta matatizo, kwa hali hii tuliyonayo mjini nani anataka matatizo mengine. Nimemwelewa. Na bado nimewaambia wanafunzi wote wa tano na wa sita waandikishe majina yao. Sikuwaambia tena juu ya diksionere. Niliwaambia ukweli: mtafungiwa milango, mtaambiwa nyinyi ni watoto, wengine mtagundua mambo nyumbani kwenu wenyewe na mtatamani msingeuliza. Lakini mkikaa bila kuuliza, wapo watakaoandika kwa niaba yenu, na watatumia majina ya mama zenu wasiojua kusoma. Ishirini na mmoja wamejiandikisha. Ishirini na mmoja, na kila mwaka nilikuwa napata watatu.

Na Feza ameniruhusu nirudi Munigi. Amesema nirudi na karatasi.

Nakuchukia kidogo, Papa, nisikufiche. Nakuchukia kwa ule wembe, na kwa kuangalia viatu vyako. Na bado nikisikia mtu anasema "mwanangu" kwa sauti ya chini nageuka nikifikiri ni wewe. Sijui nifanye nini na hayo mawili, yanakaa pamoja ndani yangu na hayasalimiani. Sikuombi unielewe.

Naomba jambo moja, na si kwa ajili yangu. Esther amechagua mada yake ya shindano. Ni avenyu yetu, kabla na baada ya lava. Amehoji nyumba sita na amemhoji Mama Feza, safari hii kwa maneno yake mwenyewe, akamsomea tena na tena mpaka mama akasema ndiyo, hivyo ndivyo. Amenihoji na mimi, saa mbili, na hakunihurumia. Shahidi aliyebaki ni wewe. Nimempa namba yako, atakupigia Alhamisi baada ya masomo. Kaa mahali penye rezo, simu isikatike. Usimuulize baba yake ni nani wala wanatoka wapi, jibu maswali. Ukisema kweli, ataandika. Na ukinyamaza, ataandika kwamba uliulizwa ukanyamaza, na chini yake ataweka jina lako kamili, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomfundisha.

Mimi,
mtoto wako wa kwanza